Jina Langu ni Pamba ya Daraja la Pili

Enzi zetu huku Usukumani mtu hakukuuliza jina lako lina maana gani. Alilisikia tu, akajua ulizaliwa mvua inanyesha au njaa inauma, ulitanguliza miguu au ulifuata mapacha. Shija alifuata mapacha, Mabula alikuja na mvua, Mayala alikuja na njaa, na hakuna aliyehitaji kuwasha simu ili aambiwe. Mimi naitwa Fifi. Ninyi mliokulia vijiji vya Kishapu mmeshaanza kucheka, najua. Hao wengine itabidi niwaeleze, maana vijana wa siku hizi pamba wanaijua ile ya kusafishia masikio.

Nakumbuka msimu wa mavuno, kijijini kwetu, mwendo wa baiskeli kutoka Mhunze. Pamba ikitoka shambani haikupelekwa kuuzwa hivi hivi. Ilimwagwa uani juu ya vichanja, na nyumba nzima ikaizunguka kuichambua. Nyeupe iliyofunguka vizuri iliwekwa upande mmoja, hiyo ndiyo safi. Ile ya njano, iliyonyeshewa, iliyotobolewa na funza, iliyong'ang'ania majani makavu, ilitupwa kwenye fungu la kona, na hiyo ndiyo fifi. Sisi watoto kazi yetu rasmi ilikuwa kuchambua. Kazi yetu ya kweli ilikuwa kurukia fungu la safi mama akigeuka, tukazama mpaka shingoni, tukatoka tumejaa manyoya na tunajikuna usiku kucha. Katikati ya kazi bibi alitugawia michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za kukaanga, akituonya kwamba atakayefutia mikono kwenye pamba atalala njaa. Tulifutia kwenye kaptula.

Kilichofanya wazazi wawe wakali namna ile ni karani wa mizani. Gunia likifika kwenye chama cha ushirika, yeye alitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akavuta konzi ya pamba kutoka chini kabisa, akaiangalia juani kwa madaha. Akiona njano kidogo tu, anakurudisha na mzigo wako wote mbele ya majirani. Nimewaona wanaume waliokuwa wakitutisha nyumbani wakisimama mbele ya yule karani wamekunja kofia mikononi. Safi ilichukuliwa haraka. Fifi ilikaa kwenye kona yake, hata panya hawakuigombania.

Sasa jina. Kabla yangu mama alizaa watoto wawili. Wa kwanza alipewa jina la babu, wa pili jina la baba mkubwa, majina mazito ya watu wenye ng'ombe, na wote wawili wakaondoka kabla hawajaota meno. Mimi nilizaliwa katikati ya msimu wa kuuza pamba, na baba alikuwa na jina la tatu la heshima tayari mdomoni. Bibi, mama yake baba, akamkatalia. Mama alinisimulia mara nyingi jinsi bibi alivyonichukua kutoka mikononi mwake, akatoka nami uani, akanilaza juu ya lile fungu la kona, penye njano na funza na majani, akasema kwa sauti ili asikie yeyote anayepita:

"Mnunuzi anataka safi. Hii ni fifi. Aipite."

Kila aliyekuwa pale uani alimjua mnunuzi aliyekuwa akisemwa, na hakuwa karani wa mizani.

Basi nikapitwa. Nikaota meno, nikatambaa, nikachunga ndama, nikaogelea kwenye lambo tulilokatazwa, nikachapwa kwa kuogelea. Jina nalo likakua pamoja nami, na sitawadanganya kwamba lilikuwa tamu. Katekista alikataa kata kata kumbatiza mtoto pamba mbovu, akaniandika Filipo, jina ambalo mpaka leo nikiitwa sigeuki. Shuleni mwalimu mmoja mgeni kutoka pwani aliposikia maana yake alicheka mpaka akaketi. Tangu siku hiyo nikikosa hesabu darasa zima linasema Fifi kapata fifi. Nikipata, wanasema karani leo amelala. Nilipigana kwa ajili ya jina lile kuliko kwa ajili ya kitu kingine chochote nilichowahi kuwa nacho, na nikirudi nyumbani nimepasuka mdomo, bibi ananipangusa na kuniuliza swali lile lile: "Ng'wana wane, mwanangu, unapumua?" Nikijibu ndiyo, ananiambia basi jina linafanya kazi.

Nikalipenda. Nikawa mtu mzima, nikawa fundi cherehani hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, nikaoa, nikaandika FIFI kwa herufi kubwa juu ya mlango wa duka. Tangu nizaliwe sijakutana na mwanaume mwingine anayeliitikia. Nikawa na hamu moja tu, kwamba mwanangu Masele akipata mtoto wa kiume amwite kwa jina langu, kama desturi yetu inavyotaka, ili nisiwe wa kwanza na wa mwisho.

Masele anauza spea za karasha kule Katoro, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Katoro ni mji wa watu wa kila pembe ya nchi, na majina ni ya kila pembe ya dunia. Siku moja nimesimama hapo kwenye vumbi namsikia mama mmoja anamwita mwanawe Kareti, nikadhani anauza mboga, kumbe ni kipimo cha dhahabu. Huko ndiko mwanangu alikompata mkewe, binti wa Mbeya, mpole, mwenye adabu, anaitwa Witness. Maana yake shahidi. Wa kesi gani, sijawahi kuambiwa.

Mjukuu alipozaliwa nilipanda basi na shati jipya. Nilimkuta Witness kitandani, mtoto kifuani na simu mkononi. Aliniamkia vizuri, nikaitikia, nikaketi, nikaanza kuzungukazunguka habari za desturi mpaka nikalifikia jina langu, na bibi na lile fungu la kona. Kwa heshima kabisa akasema aangalie kwanza. Siku hizi jina linaangaliwa kwenye simu, kuna mahali wanakueleza asili yake, maana yake na umaarufu wake. Akaangalia langu. Nikaona anauma mdomo ili asicheke. Simu ilikuwa imesema Fifi ni jina la kike, asili yake Ufaransa, kwa wanaume ni nadra mno, na mara nyingi hupewa mbwa wadogo wenye manyoya mengi. Masele akatoka nje akijifanya anapokea simu. Wakataka kumwita Jayden. Nikaomba na hilo nalo liangaliwe. Asili yake simu haikuwa na hakika, maana yake wenyewe wanabishana, ila umaarufu wake ni mkubwa sana. Kwa hiyo wakampa.

Nilirudi Shinyanga nimenuna. Wateja wangu wanakumbuka, ilikuwa wiki ya suruali zilizobana. Niliwasema sana vijana, kwamba wanawapa watoto majina kama wanavyochagua vioo vya simu, kwamba mtaani kwetu sasa kuna Jayden, Brayden, Kayden na Hayden, na mama mmoja akiita anajibiwa na nyumba nne. Mke wangu alinisikiliza, akaniambia ninywe chai.

Mtoto alikuwa hajamaliza mwezi wa pili Witness aliponipigia. Kwa kawaida anayepiga ni Masele. Nikajua kabla sijapokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mtoto?"

Nikasikia nyuma yake viatu vya manesi na watoto wanaolia, nikatega sikio nisikie kama wa kwake ni mmoja wao. Akaniambia wamelazwa, homa haishuki, na tangu asubuhi mtoto hanyonyi.

"Baba," akasema, "naomba lile jina."

Nilikuwa nimelingoja neno lile maisha yangu yote. Nilidhani siku nikiombwa nitachinja mbuzi. Badala yake niliketi chini penye vipande vya vitambaa, nikaelewa kitu ambacho mama na bibi walikijua na mimi miaka yote nilikibeba kichwani kama kofia ya sherehe. Jina hili haliombwi na mtu mwenye raha. Nilimwambia alichukue, ni la kwake, na nikapanda basi siku ile ile.

Nilimkuta ameshalitumia. Nesi alikuwa anamwita mtoto "mrembo" akidhani ni wa kike, na Witness hakumsahihisha. Mkononi alishika bunda la pamba ya hospitali, akaniuliza amlaze juu yake au amfunike. Nikamwambia ile hapana, ile ni safi kabisa, ndiyo inayotafutwa. Kwa mara ya kwanza siku ile alicheka, huku machozi yanamtoka. Nikavua koti langu la kazi lililojaa nyuzi na chaki ya fundi, tukamlaza juu yake, na mimi mzee mzima nikainama nikasema kwa sauti yale maneno ya bibi, katikati ya wodi, watu wakinitazama.

Homa ilishuka baada ya siku chache. Mtaniambia ni sindano. Na mimi nasema ni sindano, daktari nilimshukuru kwa mikono miwili. Lakini hakuna atakayenishawishi kwamba yule mama hakuhitaji kitu cha kusema wakati sindano inafanya kazi yake.

Walipotoka hospitali Masele akasema basi sasa abaki na jina la babu, amelipata kwa haki. Niliombwa mara ya pili, safari hii na mtu mwenye raha, na nikakataa. Niliwaambia wamwite Jayden, tena wasiseme kwa haya. Masele alidhani bado nimenuna. Witness alinielewa, akapiga magoti kunishukuru.

Sasa mjukuu tunaishi naye hapa Ngokolo, anasoma chekechea, na bado nawasema vijana wa leo, hilo msitarajie niache. Hawajui kuchambua pamba, michembe wanaiita chipsi zilizokauka, na watoto wao wote wana jina moja. Juzi nilikwenda kumchukua mjukuu, nikasimama getini nikaita "Jayden". Wakageuka wanne, mashavu yamejaa, mabegi mgongoni, kila mmoja akitaka kujua huyu babu ni wa nani. Enzi zetu mama aliita jina moja tu uani, na kuna siku mnunuzi alikuwa ameshamchukua mwenye jina, hakugeuka mtu.