Begi Lipi?

Wafagiaji wa uwanja wa ndege walimwita Mama Pipa, na jina lilimkaa barabara. Miaka kumi na mmoja alikaa mbele ya skrini ya ukaguzi, na kando ya kiti chake lilisimama pipa la chuma lenye kufuli, linalomeza vitu abiria wasivyoruhusiwa kupanda navyo. Wimbo wake aliujua hata usingizini: kirudishe kwenye mzigo mkubwa, au mpe aliyekusindikiza, la sivyo pipani. Watu walimlaani kwa ajili ya chupa za manukato. Yeye aliwaona wapumbavu tu. Walishindwa nini kuuliza mapema?

Mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba, aliuliziwa mapema. Alikuwa amepata kazi ya ushonaji ng'ambo, na mama akataka aende na mkasi wa marehemu baba yao, fundi cherehani, ule mzito uliolika mpini pale dole gumba lilipokaa miaka thelathini. Baba hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha mkasi. Mama akampigia bintiye kazini kuuliza mkasi uwekwe wapi, wakati foleni imefika mlangoni, naye akajibu mbiombio, "Weka kwenye begi, mama," akakata simu.

Sasa, kazini kwao begi ni lile linalopimwa na kushushwa tumboni mwa ndege. La mkononi huitwa mkoba. Lakini hayo ni maneno ya kazini kwao. Nyumbani begi ni begi.

Siku ya safari mkasi ukatokea kwenye skrini, mweusi, umelala katikati ya mashati ndani ya begi la mgongoni. Aliutambua kabla ya kuinua macho na kumwona mdogo wake akimtabasamia. Mkubwa wa zamu alikuwa nyuma ya kiti chake, anaona anachokiona yeye. Mzigo mkubwa ulishakwenda. Mama, na miguu yake mibovu, alishaagana na mwanawe nyumbani, kwa hiyo msindikizaji hakuwepo. Akaomba auweke kando mpaka zamu iishe. Mkubwa akamkumbusha, tena kwa upole, mwenzao aliyefukuzwa kwa kuokota mafuta ya nywele pipani. Hata mtu wa kumchukia hakumpata.

"Dada, si ulisema kwenye begi?" mdogo wake aliuliza taratibu.

Ule wimbo wa miaka yote ulibakiwa na neno moja: pipani. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini yeye hakuchimba chochote. Aliajiriwa kukilinda tu. Aliushika mkasi, dole gumba lake likaingia pale pale palipokaa la baba, akaudondosha pipani. Mdogo wake akavaa viatu, akabeba begi lake, akaenda bila kuaga. Abiria aliyefuata akauliza kama losheni yake inaruhusiwa.

Jioni alimkuta mama sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, anamsubiri.

"Mkasi umepita?"

Akainama kufungua kamba za viatu, akakawia nazo.

"Umepita, mama."

"Nilijua," mama akasema, ametulia kabisa. "Mwenye mtoto wake pale mlangoni, chake hakipotei."