Kaskazini ya Saboti

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya upimaji ardhi pale Kitale, sikupewa theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe. Mpima Mkuu wa Wilaya alinipa bikari, rula na karatasi, akaniambia nichore anga. Nilichora kwa madaha: duara la upeo wa macho, pale ardhi na mbingu zinapokutana, utosi wa anga juu kabisa, na ncha ya kaskazini, ambayo nyota huizunguka, nikaipandisha kama nilivyoiona kwenye kitabu cha chuo.

"Nafula, hapa ni wapi?"

"Kitale, Mkubwa."

"Na hii ncha umepandisha kama bendera ya shule, ni ya Kitale ama ya Ulaya?"

Ofisi nzima ilicheka. Niliona haya hadi masikio yakawaka, lakini somo liliniingia. Digrii za ncha juu ya upeo ni sawa na digrii za mahali ulipo kutoka ikweta. Sisi tuko digrii moja tu, kwa hiyo ncha yetu imelala chini, karibu iguse mashamba. Jua letu nalo hupanda wima, nusu ya mwaka upande wa kaskazini, nusu upande wa kusini. Tangu siku hiyo sikupiga hesabu kabla ya kuchora, iwe Kitale au Bungoma nilikohamishiwa baadaye. Wenzangu wakaniita Mama Duara, na jina nikalipenda.

Nikiwa Bungoma, niliitwa Saboti kumsaidia Afisa wa Upimaji wa Mkoa. Jirani wa mjane mmoja, Mama Wairimu, alidai nyumba ya mama huyo imejengwa kwenye shamba lake. Bikoni, yaani alama za mpaka, zilikuwa zimepotea ikabaki moja. Ramani ilitaja mwelekeo wa mpaka kutoka kaskazini, na kaskazini tuliitafuta kwa jua la asubuhi. Afisa alipiga hesabu, tukavuta kamba. Nyumba nzima ikaangukia kwa jirani. Mama Wairimu aliketi chini kwenye udongo.

"Mkubwa, hebu tuchore kwanza," nilisema.

"Hesabu ni hesabu. Ati unataka kunifundisha kazi?"

Kumbishia afisa wa mkoa kulitosha kukupotezea kazi. Hata hivyo nilichora duara langu kwenye udongo kwa kijiti. Ulikuwa mwezi wa kumi, na jua lilikuwa limevuka ikweta siku chache tu zilizopita. Kwenye mchoro lilikaa kusini mwa mashariki. Kwenye hesabu yake lilikuwa bado kaskazini, ndiyo maana mpaka ulipinda. Afisa alitazama mchoro, akachukua penseli, akaanza upya.

Kamba ya pili ilipita katikati ya mahindi, mbali na nyumba. Tulichimba mwisho wake, na jembe likagonga chuma cha bikoni ya zamani. Sijawahi kufurahi kazini kama siku ile.

Sasa nimestaafu, niko Kibomet. Vijana wanapima kwa setilaiti, wepesi kweli, ingawa ukiwauliza jua limechomoza upande gani wanatazama simu. Mwezi uliopita mmoja wao alinipigia kutoka Saboti. Mama Wairimu alikuwa amefariki, na watoto wa yule jirani walizuia kaburi, wakisema linachimbwa kwao.

"Mama, nimepima na mashine," alisema. "Bikoni yenu iko palepale."

"Basi waambie wachimbe," nikamjibu. "Yuko kwake."