Kalamu Iliyovuja Kwenye Kona

Miaka ile ya hamsini, kila Ijumaa baada ya sala, tulikutana watu watatu pale Nachingwea kuonyeshana kalamu za matete tulizochonga kwa kujifurahisha. Desturi yetu ilikuwa moja: huisemi kalamu ya mwenzio mpaka uijaribu kwa wino.

Siku moja mmoja wetu, mzee mkulima wa korosho kutoka Naipingo, aliichovya yangu kwenye wino. Herufi ya alifu, iliyo wima kama fimbo, ilinyooka vizuri. Alipozungusha nuni, herufi yenye tumbo kama bakuli, wino ukavuja.

"Kijana, kalamu yako inajua kusimama tu. Kwenye kona inatapika," alisema. "Huwa unaijaribu kwa kuandika nini?"

"Mistari mitupu tu, si herufi."

 Wenzangu walijua niliacha chuo cha Kurani mapema, kabla sijajua kuandika, wazazi walipofariki nikabaki kulea wadogo zangu. Niliona aibu, nikataka kuondoka. Mzee hakuniomba radhi. Aliinua kalamu kwenye mwanga, akanionyesha ncha yake. "Umeipasua mno. Tafuta mtu anayeandika akujaribie."

Nyumbani nilichonga nyingine, nikampa mdogo wangu wa kike, aliyekuwa bado anasoma chuoni. "Usinionee huruma," nilimwambia. Hakunionea. Kalamu tatu alizirudisha: "Kaka, hii bado." Ya nne aliandikia ukurasa mzima.

Ijumaa iliyofuata mzee alizungusha nuni mara mbili, zikatoka safi. "Nani kakujaribia?"

"Mdogo wangu wa kike."

Akatoa kalamu yake mwenyewe mfukoni, akanikabidhi. "Mpelekee na hii. Akiikataa, uniambie vile vile alivyosema."