Koti la Baba Lililopunguzwa Mara Tatu

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi koti la marehemu baba anipanulie. Alipoanza kufumua bitana, harufu ya kitambaa cha zamani ilinirudisha barazani kwetu Buigiri, mchana mmoja wa jua kali na vumbi.

Mama alilishona koti lile kwa patani ya dukani, karatasi nyembamba yenye mistari ya saizi zote. Siku ile alikuwa analipunguza kwa mara ya tatu. Pasi ya mkaa ilinuka moshi, na mama alikanyaga cherehani polepole, kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Mvumi. Kweli yeye na baba walikuwa wamerudi kutoka hospitali ya huko jana yake, lakini mimi nilidhani kilichomchosha ni kushona.

Baba alisimama ameshika nguzo, akijaribu koti.

"Limekuwa gunia tena," alisema.

"Nilikata kwa mstari usio wako, Baba Yona," mama alijibu bila kuinua macho. "Kosa ni langu."

Nilikuwa nimechoka kumshikia pini. "Mama, kwani huwezi kupima vizuri mara moja tu?"

Baba alicheka mpaka kikohozi kikamkalisha chini. Mama alichukua pini nyingine mkononi mwangu. Kwa miaka mingi niliamini mama yangu hajui kupima.

"Kaka," fundi aliniita, akinionesha kitambaa kilichokunjwa ndani ya bitana, mkunjo juu ya mkunjo. "Aliyelipunguza hili hakukata hata kidogo. Alitegemea mwenye koti atanenepa tena."