Lugha ya Tatu ya Mwalimu Chavala

Saa mbili asubuhi, mvua ya alfajiri imekatika lakini paa la bati bado linadondosha maji. Watoto wa darasa la nne wamebanana kwenye madawati, miguu imejaa tope jekundu la Mbeya. Mbele yao Mwalimu Bartholomeo Chavala anaandika ubaoni. Hajasema neno tangu aingie.

Anaandika 12 = 5 + 7, anageuka na kuinua chaki. Darasa zima linasoma kwa sauti moja: "Kumi na mbili ni sawa na tano na saba!"

Anaongeza mstari mwingine, nao wanausoma. Kipindi chote kinakwenda hivyo. Mwalimu anaandika, watoto wanasoma, wanabishana, mmoja anatoka mbio kwenda kusahihisha. Mgeni angedhani amekosea chumba na kuingia kwenye somo la kusoma.

Chavala, Mhehe wa Iringa mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ana kigugumizi. Si kile kidogo cha mtu mwenye haraka. Neno likimkwama limekwama kweli; macho yanajifumba, shingo inakakamaa, na wewe unayemsikiliza unajikuta unatoka jasho kwa niaba yake. Leo mchana, Alhamisi hii ya mwisho wa Novemba 1957, kamati ya shule inakutana na wazazi kuamua kama mtu wa namna hiyo aendelee kufundisha.

"Andika nilichosema, usiandike nilivyokisema," anamwomba mwandishi wa habari hizi. Kwa hiyo vituo vyake havimo humu, ingawa maongezi ambayo mwingine angeyamaliza kwa kikombe kimoja cha chai yalikula birika zima.

Alizaliwa Kalenga, karibu na mji wa Iringa. Nyumbani walimtania kwa mapenzi, shuleni wakamtania bila mapenzi. Wavulana walimuuliza jina lake makusudi, kisha wakajipanga kusikiliza. Akaona dawa ni kufunga mdomo. Walimu wakamhesabu miongoni mwa wajinga, wakaacha kumuuliza.

Ndipo akafika mwalimu mmoja mgeni, Danieli, ambaye siku moja alimbakiza darasani wenzake walipotoka kucheza.

"Aliandika swali ubaoni, akanyamaza, akanipa chaki," anasimulia Chavala. "Nikaandika jibu. Akaandika jingine, gumu zaidi. Nikajibu. Nami nikamwandikia la kwangu, akacheka, akajibu. Tulikwenda hivyo mpaka ubao ukajaa. Njiani kurudi nyumbani ndipo nikatambua kwamba tulikuwa tunazungumza. Sikuwahi kuongea na mtu kwa muda mrefu hivyo, na sikukwama hata mara moja. Kila nikishika chaki namshukuru mzee yule."

Tangu hapo hesabu kwake imekuwa lugha, na ukimwachia nafasi atakufundisha sarufi yake. Tarakimu ni majina. Alama za kujumlisha na kutoa zinaeleza linalotendeka. Anachora mistari miwili mifupi kwa kidole juu ya meza. "Na hii ndiyo inayosema pande mbili zinalingana. Mtu asiyeijua anayo maneno tu, hana sentensi."

Kila Januari darasa jipya humcheka. Wengi wao wamezoea kwamba alama ile maana yake ni "haya, toa jibu," hivyo wakiona kumi na mbili imetangulia hupiga kelele kwamba mwalimu kaandika kinyumenyume. Huwaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha hutoa mizani aliyoitengeneza kwa fimbo na makopo mawili, na kuwapa maharage wapime wenyewe.

Darasani kwake kuna Wasafwa, Wanyakyusa, Wasangu, na watoto wa wafanyabiashara Waislamu ambao babu zao walitoka pwani. Wengine walizaliwa na Kiswahili mdomoni, wengine wanakipapasa kama yeye alivyokipapasa. Lakini Msafwa akiandika mstari ubaoni, Msangu anausoma na kuuelewa bila mkalimani.

"Kihehe ni lugha yangu ya kwanza, Kiswahili ya pili," anasema, na sasa anatabasamu. "Zote mbili zinanikwamisha. Hii ya tatu ndiyo inayonipenda."

Mshahara wake haufiki shilingi mia na hamsini kwa mwezi, nao unalisha watoto watatu pamoja na mama mzee aliyebaki Iringa. Hata hivyo mkewe, Tekla, anasema si mshahara unaomkosesha usingizi.

"Kazi atapata. Mafundi seremala wanamtaka hata kesho, kwa vile anavyojua vipimo," anasema Tekla huku akichambua mboga. "Ila wakimtoa darasani atarudi kunyamaza. Mimi nilimkuta amenyamaza, najua kulivyo. Sitaki watoto wangu wamwone hivyo."

Saa nane wazazi wanajaa darasa lile lile. Mwalimu mkuu, Yotamu, anampa nafasi Mzee Andendekisye Mwambene, mkulima wa mahindi aliyeanzisha malalamiko. Hazunguki.

"Mimi sina ugomvi na mwalimu," anasema. "Mtu mwema, halewi, hapigi watoto ovyo. Lakini mwalimu si mdomo, bwana? Mtoto akiuliza kitu, angoje mpaka ng'ombe warudi?"

Watu wanacheka. Chavala naye anacheka kidogo, maana hawezi kusema kwamba amesingiziwa.

"Basi ajieleze mwenyewe," anamalizia mzee.

Chavala anasimama. Herufi ya kwanza inakwama. Anajaribu tena, inakwama zaidi. Mtu wa nyuma anajitolea kumsaidia neno, silo. Tekla, aliyesimama mlangoni, anaangalia nje.

Mwalimu anaacha kujaribu. Anageuka na kuandika ubaoni 24 = (3 + 5) × 3, kisha anamnyooshea Mzee Andendekisye chaki.

Mzee, ambaye ujanani alisoma miaka miwili tu, anautazama mstari ule kwa mashaka. "Mbona jibu limekuja mbele?"

"Siyo jibu hilo, baba yangu, ni mizani!" Anayesema ni Mwanakhamisi binti Othmani, muuza kanga wa sokoni, mama wa mwanafunzi aitwaye Rukia. "Huyo Rukia hanipumzishi. Nikipika ananieleza, nikipima nguo ananieleza." Anakwenda mbele, anaichukua chaki, anafika kwenye mabano na kuugonga ubao kwa kidole. "Hodi!"

"Karibu!" wanajibu wazazi karibu wote. Kisha wanatazamana kwa mshangao.

Ni mchezo wa darasani. Chavala huwaambia watoto kwamba mabano ni nyumba, na waliomo ndani wamalize mambo yao kwanza kabla ya kushughulika na aliye nje. Anayetaka kuingia hubisha hodi, darasa humkaribisha. Watoto waliubeba mchezo huo hadi majumbani, jikoni na shambani, na kila mzazi alidhani ni utundu wa mwanawe peke yake.

"Tatu na tano wamo ndani, wanatoka nane," anaendelea Mwanakhamisi. "Nane mara tatu, ishirini na nne. Haya, pande zote sawa." Anarudisha chaki, anajifunga kanga vizuri na kukaa.



"Juzi nimemkaripia mwanangu kwa hodi hizo," anasema Mzee Andendekisye. "Nilidhani ananichezea. Kumbe ananisomea." Anamgeukia mwalimu mkuu. "Kitinda mimba wangu anaanza darasa la kwanza Januari. Nyumbani tunasema Kinyakyusa tu, Kiswahili hajui hata neno. Huyo mpeni Chavala."

Yotamu anauliza kama yuko mwenye neno lingine. Hakuna. Anayetaka mwalimu abaki, na Januari apewe darasa la kwanza, anyooshe mkono, na mikono inanyooka, wa Mzee Andendekisye ukiwa juu kabisa.

Chavala anasimama kushukuru. Neno linamkwama kama kawaida yake, na linakwama sana. Safari hii hakuna anayemsaidia. Wanangoja. Mtoto mgongoni mwa mama yake analia, anabembelezwa, ananyamaza, nao bado wanangoja, mpaka mwalimu anafumbua macho na kusema kwa Kinyakyusa, lugha ambayo si yake, lakini ni ya wengi waliokaa pale: "Ndaga fijo." Asanteni sana.

Machozi yanamtoka wala hayafichi. Tekla naye yamemtoka.

Nje, wazazi wakitawanyika, anaulizwa kama haogopi darasa la kwanza, watoto wadogo wasiojua hata kuomba ruhusa ya kwenda nje kwa Kiswahili.  Anajibu, taratibu, kwa namna yake.

"Wao hawana maneno, na mimi ninayo ila hayatoki," anasema. "Hatudaiani kitu. Januari tutaanza pamoja."