Zawadi Tisa za Mama

Leo nimeona mama yangu ametuletea zawadi tisa za harusi. Na mama yangu alifariki mwezi mmoja kabla ya harusi.

Ngojeni niwaeleze.

Mume wangu Swaleh, kipenzi cha roho yangu, ameandika programu ya kompyuta, kwa lugha iitwayo Python, ya kutusaidia kuwashukuru wageni. Kila zawadi ina namba ya mgeni aliyeileta, kama alivyo kwenye orodha ya wageni. Mimi nikawa nasoma kwa sauti, nimemwegemea begani.

"Sufuria, Shangazi Zuhura. Leso, Mama. Birika la buluu, Mama. Shuka, Mama..."

Nikaacha kusoma, nikamwonyesha Swaleh jina.

"Nisamehe, mke wangu," akasema. "Zawadi zisizo na jina nilizipa namba -1. Nilidhani zitarukwa. Kumbe Python ikipewa -1 huhesabu kutoka mwisho, ikachukua jina la mwisho kwenye orodha."

Na wa mwisho ni Mama. Mwenyewe alinikataza kumweka juu. "Niandike chini kabisa, mwanangu. Mwenye shughuli haketi kabla ya wageni." Alipofariki, sikuweza kumfuta.

Swaleh akanipangusa machozi kwanza (jamani, mume nimepata!), kisha akaongeza mstari mmoja: namba ikiwa -1, andika "Hajulikani".

Nikamtazama Mama akigeuka Hajulikani, mara tisa.

Nikamwomba arudishe jina la Mama mahali pamoja tu, kwenye birika. Akalirudisha bila kuniuliza.

Basi wewe uliyeleta birika la buluu bila jina, Mungu akulipe. Nitakushukuru, wallahi.

Lakini usinambie leo.