Kisanduku cha Punguzo

Walisema Mnyarwanda hawezi kununua mshanana bila kuushika. Walisema mtu aliyekulia Tanzania, ambaye Kinyarwanda chake kinachechemea, hana cha kuziuzia kamati za harusi za Kigali. Shemeji yangu wa Kanombe alisema mbele ya wageni, "Shemeji, hiyo diploma yako ya masoko haiwekwi kwenye sahani." Nilicheka na wengine. Jana yake alikuwa amenikopesha, na utani wake ulikuwa sehemu ya riba.

Nikafungua duka la mtandaoni. Niliuza mishanana, lile vazi ambalo kina mama hulifunga begani kwenye sherehe. Tovuti niliisimamisha mwenyewe, picha nilipiga mwenyewe, na mtaji niliuomba kwa mdomo wangu mwenyewe: kwa shemeji, kwa shangazi yangu wa Batsinda, na kwa ikimina, kikundi cha akiba cha mke wangu. Kwenye ikimina ni mke wangu aliyenidhamini. Kama ningeshindwa kulipa kabla ya mgawo wa mwisho wa mwaka, fungu lake lingekatwa, naye angekaa kati ya wanawake wenzake akiona wanavyogawana.

Ili duka lijulikane niliweka mawakala. Kila wakala alikuwa na kiungo chake. Mtu akikibonyeza na kununua, wakala anapata kamisheni. Wa kwanza alikuwa mshonaji wa Nyamirambo, mama wa Kiislamu, ambaye aliwatumia wateja wake picha kwenye simu na kuwaeleza kitambaa kinavyokaa mwilini. Baadaye alijiunga kijana mwenye ukurasa wa punguzo za bei, ambaye sikuwahi kumwona. Haikupita miezi mingi akawapita wote. Mauzo yalibaki pale pale, kamisheni yake ikawa inapanda, na kila mwisho wa mwezi nilibaki na pesa ya kununulia kitambaa tu. Nilichoka uchovu usioondoka kwa kulala.

Siku moja mshonaji akanipigia.

"Kaka, mimi naacha."

"Kwa nini, dada yangu?"

"Naongea na watu mpaka koo linakauka. Wananunua, wananionyesha na nguo. Halafu simu inaniambia sikuleta mtu. Nani anawaleta, jini?"

Nilimwomba avumilie kidogo.

Jibu nililipata kwenye harusi. Jirani yangu alikuwa anamwoza binti yake na mimi nilikuwa kwenye kamati. Rangi ya mishanana nilipendekeza mimi, na anwani ya duka niliituma mimi kwenye kundi la kamati, anwani tupu, isiyo na kiungo cha wakala yeyote. Oda zilipoingia, mfumo ukaniambia karibu zote zimeletwa na yule kijana. Watu niliowashawishi mwenyewe, uso kwa uso, tukinywa soda!

Kikao kilichofuata nikamuuliza katibu wa kamati, "Mama, dukani kwangu ulifikaje?"

"Si kwa anwani uliyotutumia? Nimechagua, nimefika pa kulipia, nikaona kisanduku kinasema weka namba ya punguzo. Nikasema, kumbe huyu baba anapunguza halafu anatuficha! Nikatoka nikaitafuta mtandaoni."

"Ukaipata?"

"Nimepata ukurasa unasema bonyeza hapa uione. Nimebonyeza, namba yenyewe haifanyi kazi. Nikarudi nikalipa yote. Sasa gabanya, punguza bei, nirudishie kidogo!"

Kamati nzima ikacheka. Mimi nilikuwa tayari nimeelewa.

Kisanduku kile kilikuja na programu ya duka, na nilikiacha kwa makusudi. Kigali hakuna anayenunua nguo bila kusema gabanya, nikaona kitawafurahisha. Kijana alikuwa amejitega hapo hapo. Mteja ameshachagua, simu iko mkononi alipe, kisanduku kinamtoa nje, anabonyeza ukurasa wa kijana, anarudi. Mfumo ulimlipa aliyebonyezwa mwisho. Jasho la mshonaji lilifutwa kwa mbonyezo mmoja.

Nilimwita yule kijana tukutane kwenye mkahawa wa Nyarutarama. Alikuja na miwani ya jua, akaagiza juisi kabla sijamkaribisha.

"Bosi, mimi ndiye wakala wako mkubwa."

"Unawachukua wateja mlangoni kwangu na kunirudishia mlangoni kwangu. Hiyo namba ya punguzo nani alikupa?"

"Mkataba unasema mbonyezo wa mwisho. Umeuandika wewe, msomi."

"Nimeuandika mimi, na leo naufuta mimi."

"Utanitafuta, mzee. Bila mimi hilo duka ni picha tu."

Akaondoka. Juisi nililipa mimi.

Wiki ile nilikiondoa kisanduku. Kamisheni nikaipeleka kwa wakala aliyemleta mteja kwanza, nikaishikilia mpaka muda wa kurudisha nguo upite, na nikakataza wakala yeyote kulipia matangazo kwa jina la duka langu. Wataalamu wengi wangehitaji kampuni nzima kwa kazi hiyo. Mshonaji nilimlipa alichokuwa amedhulumiwa, akabaki. Lakini sitadanganya kwamba ilikwisha. Kijana alirudi kwa jina jingine, akijaribu kujipatia kamisheni kwa kununua kupitia kiungo chake mwenyewe na kurudisha nguo. Nikamfungia akaunti. Wakaja wengine. Mpaka leo, kabla ya chai, nakagua nani ameleta nani, na macho yanauma.

Faida ilirudi polepole, na kabla ya mgawo nikawa na pesa yote ya madeni. Ilikuwa Jumapili. Nilianza Kanombe. Shemeji alihesabu, akaniuliza kama nimeuza figo. Nikaenda Batsinda, shangazi akaziweka pesa chini ya kitambaa cha meza bila kuhesabu, akanilazimisha kula. Mwisho nikaenda kwenye ikimina. Nilimkabidhi mwenyekiti mbele ya wote, akatangaza deni limekwisha. Walipoanza kugawa, mke wangu aliitwa kama wengine, akasimama, akapokea fungu lake zima, akalikunja kwenye kanga.

Nyumbani nilikaa kwenye kiti nivue viatu. Niliamshwa na mke wangu jua limeshazama, viatu bado viko mguuni.